Kopo la Masalio

Benchi la kijiwe kile lilikuwa mlango. Ulikuwa mlango wa ofisi iliyobomolewa siku nyingi, ukalazwa juu ya mapipa mawili yaliyokatwa nusu, na tundu lake la ufunguo lipo mpaka leo, limekwisha kumeza kalamu na vifungo vya mashati visivyo na idadi. Lilikaa mbele ya kibanda cha fundi redio, chini ya kibao ambacho mvua imekula nusu ya herufi zake, mahali ambapo kivuli cha ghorofa la jirani hufika asubuhi na kuaga saa sita juu ya alama. Wenyewe wa benchi walikuwa wanne. Gia, dereva mstaafu wa malori, ambaye miaka thelathini ya usukani imemwachia mkono wa kushoto usiotulia; kila akiongea anabadilisha namba hewani. Profesa, aliyekuwa karani wa masjala, aliyesoma mafaili ya watu wengine mpaka akajiona amepita vyuo vyote. Mama Buli, mwenye kahawa, mwenye vikombe, na kwa hiyo mwenye neno la mwisho. Na mwenye kibanda, Fundi, ambaye kijiwe kizima kilimwita Masalio.

Jina hilo Fundi hakulipenda hata chembe. Lilikuwa la kweli, na hapo ndipo lilipouma. Tangu ujana wake hakuwahi kufunga redio bila kitu kubaki mezani: skrubu mbili, springi, kipande cha waya, mara kibati ambacho hata yeye hakujua kilikuwa kinafanya kazi gani humo ndani. Redio inaimba vizuri kuliko siku iliyonunuliwa, lakini masalio yapo pale, na mteja anayaona kwa macho yake. Fundi anajieleza kwamba vile havihitajiki, kwamba kiwandani huwa wanajaza tu. Nani amsikilize? Gia alimbandika jina asubuhi moja, kufika jioni mtaa mzima unalo. Wapo wateja waliohamia kwa mafundi wengine, ambao walirudisha kila skrubu mahali pake, na redio ikawa bubu lakini imekamilika. Tangu hapo Fundi akajifunza kuyafunika masalio kwa kiganja na kuyasukumia taratibu kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Kopo lilikuwa la tano sasa.

Sheria ya kijiwe ilikuwa moja tu: methali marufuku. Mama Buli aliipitisha mwenyewe, baada ya siku ambayo Gia na Profesa walitupiana methali tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kila moja imewekwa mahali pasipo pake, na buli zima la kahawa likapoa. Tangu hapo, anayeanza methali kikombe chake kinarudi kwenye beseni kikiwa kimejaa. Profesa ndiye aliyeumia zaidi.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, saa tatu hivi, mtu wa vifurushi alishusha boksi dogo, Fundi akatia sahihi na kuingia nalo ndani. Ndani ya boksi mlikuwa na kisanduku chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, cheupe, kilichoviringwa pembe zote hata mkono ukitaka kukiacha haukubali. Katikati kilikuwa na kitufe kimoja cha duara. Ubavuni kilikuwa na kigurudumu chenye meno madogo. Na palikuwa na barua, kwa mwandiko anaoujua tangu ulipokuwa unatoka nje ya mistari.

"Mjomba, shikamoo. Hiki ni cha wazee walio mbali na watoto wao. Leo saa sita mchana kiwanda kinafunga kalibu, na baada ya hapo hakibadiliki kitu, vitamiminwa vyote sura moja. Niambie kimetosha, au niambie kimoja cha kuondoa. Wape na wazee wa kijiweni, lakini usiwaeleze chochote. Hapa ofisini kila mtu ananisifia, ndiyo maana siwaamini. Wewe hujawahi kunisifia."

Fundi alisoma mara mbili, miwani ikimteleza puani. Kisha akagusa kile kigurudumu kwa kidole gumba. Kikasema trrk, trrk, trrk.

Mlio ule alikuwa anaujua. Ulikuwa mlio wa redio yake mwenyewe, ile kubwa ya mbao iliyo juu ya rafu, ambayo kitasa chake cha kutafutia stesheni kina meno. Dada yake alikuwa anashona kwenye kiwanda cha nguo, zamu ya mchana, na bintiye alikuwa akitoka shule anashindia hapo kibandani. Mtoto alikuwa anapanda kigoda, anazungusha kitasa kile redio ikiwa imezimwa, mchana kutwa, trrk, trrk, mpaka mama yake atokee kwenye kona. Miaka thelathini imepita. Amekuwa mtu wa kuandikwa magazetini, ana kampuni, ana watu wanaosimama akiingia, na bado ameubeba mlio ule na kuuweka ubavuni mwa kazi yake kubwa kuliko zote. Fundi alijua papo hapo kwamba kigurudumu kile kimewekwa kwa ajili yake. Alifurahi mpaka macho yakamjaa maji, na furaha ile ile ikamtia hofu, maana hakujua kama kina kazi nyingine yoyote.

Na tuseme ukweli, hakuna aliyekuwa amemuuliza Fundi swali la maana kwa miaka mitano. Redio siku hizi zikiharibika zinatupwa. Mwisho wa mwezi ule alikuwa amepanga kurudisha ufunguo wa kibanda kwa anayempangisha, na hilo hakuwa amemwambia mtu, hata dada yake.

Akatoka nje, akakiweka kisanduku katikati ya benchi, akasema kimetoka kwa Mkaguzi na anataka kujua wanakionaje. Hakuongeza neno.

Mkaguzi ndilo jina walilompa mpwa huyo kijiweni alipokuwa na miaka saba. Alikuwa anapita benchi zima akiuliza. Kwa nini shati la Profesa lina mifuko minne naye ana kalamu moja. Kwa nini buli lina mfuniko na mfuniko nao una kamba. Walimkimbia. Leo kila mmoja wao anadai alimwona mapema.

Gia ndiye aliyebonyeza kitufe wa kwanza. Taa ndogo ilikuwa inawaka chini yake, na sauti ya Mkaguzi ikatoka, safi, kana kwamba amekaa benchini: "Shikamooni, wazee wangu."

— Marahaba, Profesa alikiitikia kisanduku, kwa heshima zote.

Haikuwachukua dakika mbili kuelewa. Kikiwaka, unabonyeza unasikia. Kisipowaka, unabonyeza unasema, na mwenzako huko aliko kisanduku chake kinawaka. Ukibonyeza mara mbili, kinarudia la mwisho. Basi. Gia alikigeuza juu chini akitafuta kilipo kingine, akakitikisa sikioni, akasema haiwezekani mtu asome miaka yote ile halafu atengeneze kitufe kimoja. Ndipo vidole vyake vilipokutana na kigurudumu.

Trrk.

— Ahaa, alisema Gia. Sasa tunaongea. Hiki ni cha sauti.

Mama Buli alibonyeza mara mbili, Gia akazungusha mpaka mwisho na kurudi. Sauti ilibaki vile vile. Fundi, aliyekuwa ameinama kusikiliza, alijinyoosha polepole.

— Basi ni gia, alisema Gia, mkono ukianza safari yake hewani. Kuna watu wanaongea mbio kama wanafukuzwa. Unamshusha namba mbili, anatambaa, unaelewa.

Wakajaribu hilo nalo. Mkaguzi aliwaamkia kwa mwendo ule ule.

Profesa alikuwa anahesabu meno kwa ncha ya kalamu. Yalikuwa kumi na mawili, akayahesabu tena kwa mamlaka zaidi, kisha akaweka kalamu chini.

— Miezi.

— Miezi ya nini?

— Ya mwaka, Gia, kuna mingine? Kila jino ni mwezi. Mwanao aliahidi mwezi wa tatu kwamba atakuja kukuona. Hajaja. Wewe unazungusha mpaka wa tatu, unabonyeza, ahadi yake inatoka kama alivyoisema. Hii ni masjala, bwana. Masjala ya mfukoni. Nilisema mimi, mtoto yule alikuwa ananiangalia nilivyokuwa napanga karatasi zangu.

Fundi alitamani iwe kweli. Alizungusha mwenyewe mpaka jino la tatu, akabonyeza, akangoja. Hapakutoka ahadi yoyote.

— Haijarekodiwa bado, alisema Profesa. Mwaka mmoja unatakiwa upite.

Mama Buli alisema hao wote wanasumbuka bure. Yeye ana watoto sita na wajukuu sita, jumla kumi na mbili, kila mmoja jino lake, na mtu aliyebuni kitu hiki ni mwanamke anayejua familia zilivyo. Gia akamuuliza wenye watoto wawili meno kumi watayafanyia nini. Mama Buli akamjibu kwamba watazaa.

Hapo mazungumzo yakapinda, kama ilivyo kawaida ya kijiwe kile, wakaanza kubishana juu ya maisha ya Mkaguzi mwenyewe, kila mtu akitafuta humo ushahidi wa upande wake. Gia alikumbusha ile simu, kazi yake ya kwanza alipoacha ajira na kufungua kampuni. Ilikuwa na kila kitu. Ilipima mapigo ya moyo, ilionyesha mashariki, ilikuwa na tochi mbili. Watu waliinunua kwa fujo na wakairudisha kwa fujo zaidi, kwa sababu hakuna aliyeona mahali pa kupigia simu. Kampuni ikafa kabla ya mwaka. Gia alisema washirika wake walimfungia mlango wa ofisi na kumtupia mkoba dirishani. Profesa alisema hakutupiwa mkoba, aliandikiwa barua, na barua ile ilikuwa na makosa ya tarehe.

Fundi alikuwa anaijua habari hiyo kuliko wote, na hakuisema. Alimkumbuka alivyoingia kibandani asubuhi moja, mtu mzima, amevaa viatu vizuri, akakaa kwenye kigoda kile kile. Hakulia, hakueleza. Alimwaga kopo la masalio mezani na kuanza kuyapanga, makubwa kwa madogo, siku ya kwanza, ya pili, mpaka wiki mbili zikaisha. Siku ya mwisho akauliza kwa nini redio zinaimba bila vitu hivi. Fundi akamwambia, kwa kuwa alikuwa amechoka kujieleza kwa watu, kwamba yeye huuliza swali moja tu: hiki nikikiacha nje, nini kitaharibika? Kama hakuna, kikae kwenye kopo. Mpwa wake aliomba kopo moja la zamani akaondoka nalo kwapani. Fundi alidhani anataka kuwekea penseli.

Mwaka uliofuata ilitoka taa yake. Taa isiyo na swichi: ukiisimamisha inawaka, ukiilaza inazima. Basi. Mpaka leo iko kila nyumba, hata Mama Buli anayo, na mjukuu wake wa miaka miwili anaiwasha.

— Sawa sawa, alisema Profesa, hilo ndilo naloling'ang'ania. Mtu aliyeondoa swichi kwenye taa hawezi kuweka kigurudumu cha bure. Kwa hiyo kina kazi. Na kwa kuwa hatuioni, ni kazi kubwa.

Hoja hiyo iliwaingia wote, na ndiyo iliyowapoteza. Kuanzia hapo kila wazo lilizaa lililo refu kuliko mzazi wake. Gia alisema ni kipimo cha umbali, unazungusha mpaka ujue mwanao yuko kilomita ngapi, kwa sababu watoto hudanganya wako njiani kumbe bado wanaoga. Mama Buli alisema basi ni kipimo cha uongo kabisa, kinakwama mtu akidanganya, akamwambia Gia aseme kitu. Gia alisema hajawahi kumgonga hata kuku katika miaka yote ya kazi. Wakazungusha. Kigurudumu hakikukwama, na Gia akataka wote washuhudie.

— Nyie mnacheza, alisema Profesa. Alishusha sauti, wakasogea. Hiki kinatoa maneno yaliyomezwa. Mtu anaongea na mama yake, anataka kusema jambo, analimeza. Si ndivyo tunavyofanya? Basi halipotei. Linabaki humu. Mama akizungusha, analisikia.

Kila mmoja alikuwa na mtu mbali na neno alilowahi kulimeza, na Mama Buli alianza kufuta kikombe kilichokwisha kuwa kikavu.

— Sasa ukizungusha mpaka mwisho kabisa? aliuliza Gia.

— Mpaka mwisho, utasikia na ambayo hajayafikiria bado.

— Hiki kitafunga ndoa zote mtaani, alisema Gia. Au kitazivunja. Wahenga walisema...

Mama Buli alinyoosha mkono kuelekea kikombe chake, na Gia akawaacha wahenga wapumzike.

Fundi aliangalia kivuli. Kilikuwa kimebaki upana wa viganja vitatu ukutani. Asubuhi nzima alikuwa amejaribu kila wazo lao, hata la kipimo cha uongo, na kila mara aliomba kimoyomoyo liwe lenyewe. Kingekuwa na kazi moja tu, hata ndogo, angemwambia mpwa wake kimetosha, na mlio wa redio yake ungekwenda kuishi katika maelfu ya nyumba. Hakuwa na cha kuacha nyuma yake zaidi ya hicho. Alikichukua kisanduku akakizungusha tena polepole, trrk, trrk, akifumba macho.

— Hapa ndipo kwa Fundi redio?

Alikuwa bibi mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona, mfupi, amebeba redio iliyofungwa kwenye shali kama mtoto anayepelekwa kliniki. Wakamwamkia, akaitikia, akasogezewa nafasi kwenye mlango, akaambiwa aangalie tundu la ufunguo. Alisema redio yake imenyamaza tangu juzi na nyumba imekuwa kubwa. Alikuwa ameanza kulifungua shali alipoona kisanduku mkononi mwa Fundi.

— Hicho kinawaka, alisema. Mbona hampokei?

Wakaangalia. Taa chini ya kitufe ilikuwa inawaka kweli, na hakuna aliyejua imeanza lini. Vidole vyao vyote vilikuwa ubavuni.

Bibi hakungoja kuelezwa. Alikitwaa, akabonyeza katikati kwa kidole cha shahada, na sauti ya Mkaguzi ikatoka, safari hii imechoka kidogo: "Mjomba, imebaki nusu saa. Mpo?"

Taa ikazima. Bibi akabonyeza tena.

— Tupo, mwanangu. Mjomba wako yuko hapa, mzima. Wewe hujambo? Umekula lakini?

Pakapita pumzi mbili, taa ikawaka. Bibi akabonyeza. Kwanza kilisikika kicheko cha mtu aliyeshikwa bila kutarajia. "Sijambo, bibi. Shikamoo. Sijala bado. Wewe ni nani?"

— Marahaba. Mimi nimeleta redio. Nenda kale.

Akakirudisha benchini, akaendelea kufungua shali lake. Gia, Profesa na Mama Buli walikuwa wanamtazama. Profesa alikohoa, akamweleza kwa upole kwamba ametumia vizuri lakini ameacha sehemu muhimu, kwamba ubavuni kuna kigurudumu chenye meno kumi na mawili, na juu ya kigurudumu hicho kuna maoni. Akayataja yote, pamoja na ya Gia, kwa haki. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akauliza:

— Na nisipokigusa, kutaharibika nini?

Mkono wa Gia ulisimama hewani, katikati ya namba tatu na nne. Profesa alichukua kalamu akaanza kuyahesabu meno upya. Mama Buli aliinua buli ili angalau amimine, likatoa matone mawili na kukatika.

Fundi hakuwa anawaangalia. Swali lile lilikuwa lake. Alikuwa ameliuliza juu ya kila skrubu kwa miaka arobaini, na leo asubuhi nzima amelikwepa, kwa sababu safari hii kitu kilichotakiwa kujibu kilikuwa kinampenda.

Alikichukua kisanduku akaingia nacho ndani, akasimama mbele ya redio ya rafuni. Akabonyeza.

— Mjomba hapa. Toa kigurudumu.

Taa haikuwaka. Alingoja mpaka akadhani amekosea kubonyeza. Ilipowaka, sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya miaka saba.

— Nilikiweka kwa ajili yako.

— Najua. Nilikijua kwa mlio.

— Hakina kazi, mjomba. Kinalia tu. Nilijua, lakini kila nikitaka kukitoa mkono unakataa. Na watu wangu wote wanakisifu.

— Ni kizuri. Ndio ubaya wake. Nimekaa nacho tangu saa tatu nakisikiliza. Wewe uko upande wa pili unaniita, na mimi nasikiliza kigurudumu. Sijakusalimia hata kidogo. Mpaka amekuja mgeni akakuuliza kama umekula.

Kisha taa.

— Basi kikae kwenye kopo. Unajua lile kopo uliloniachia liko wapi? Liko mezani kwetu, katikati. Kila tunachokiondoa tunakitia humo, na kila mkutano unaanza kwa swali moja, leo masalio ni yapi. Watu wazima, mjomba, wahandisi, wanashindana nani ametia zaidi. Wananiuliza neno hilo nimelitoa wapi. Nawaambia ni jina la mwalimu wangu.

Fundi alisogeza kigoda akakaa. Miaka thelathini alilichukia jina lile, akalikwepa hata kuliandika kwenye kibao, na kumbe huko mbali lilikuwa linatajwa kwa adabu na watu asiowajua. Alilia kidogo, bila kujificha, maana hapakuwa na mtu. Kisha akafuta miwani, akachukua bisibisi nyembamba kuliko zote, akaking'oa kigurudumu kutoka ubavuni. Alisogeza kopo la tano karibu, akabonyeza kitufe ili na yeye asikie, akakiachia.

Tik.

— Umesikia?

— Nimesikia. Sasa nakimbia kiwandani.

— Kula kwanza, alisema Fundi.

Alipotoka nje, kivuli kilikuwa kimebaki uzi. Alikiweka kisanduku benchini, ubavu wake mtupu, na wote wakakigusa kwa zamu. Gia alisema kimekuwa kama hakijatengenezwa na mtu, kama kimeokotwa hivyo. Profesa alisema ndivyo alivyokuwa anataka kusema tangu mwanzo. Hakuna aliyebisha.

Fundi aliipokea redio ya bibi, akaifungulia hapo hapo kwenye mlango wa benchi, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ulikuwa waya mmoja umeachia. Akaunganisha, akafunga, akawasha, na mtu akaanza kusoma habari katikati ya sentensi. Bibi alitabasamu mpaka fizi zikaonekana. Benchini palikuwa pamebaki springi moja na skrubu fupi. Gia aliziona. Mama Buli alimwona Gia akiziona. Kiganja cha Fundi kilinyanyuka kwa mazoea, kikasita, kisha kikarudi pajani, na masalio yakabaki pale juani kila mtu ayatazame.

— Hivi vinabaki? aliuliza bibi.

— Vinabaki, alisema Fundi. Haiviulizii.

Bibi alisikiliza redio yake kidogo zaidi, akaona kweli haiviulizii, akaanza kuifunga kwenye shali bila kuizima. Mama Buli aliinamisha buli kabisa, akaligonga chini, akatangaza kwamba kahawa imekwisha na kesho pia ni siku. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

— Dada yangu anayo kama hii, bibi alisema akiwa amesimama. Nikija nayo mwezi ujao, nitakukuta?

Fundi alitazama kibao kilicholiwa na mvua, na mlango wa kibanda, na ufunguo uliokuwa umechomekwa humo.

— Utanikuta, alisema. Ukipotea njia, ulizia Masalio.